Kabla ya Injini, Usukani

Mwaka 2011, katika ua wa nyumba ya mama yake huko Ntinda, tarafa ya Nakawa jijini Kampala, Chris Nsamba na vijana wa kujitolea wa African Space Research Program walikuwa wakiunda ndege waliyoiita African Skyhawk. Habari zilivuka mipaka ya Uganda haraka, kwa sababu Nsamba hakuficha kwamba macho yake yalikuwa kwenye anga za juu. Wengine walishangilia, wengine walikejeli, na pande zote mbili ziliuliza maswali yaleyale: injini itatoka wapi, itapanda hadi urefu gani, itaruka lini. Ni maswali ya haki. Lakini kwa anayejenga ndege nyumbani, awe Ntinda au awe Kenya ambako Gabriel Nderitu naye alijulikana kwa kazi hiyohiyo, kuna swali linalotangulia hayo yote, na ndilo lililopewa nafasi ndogo kuliko yote: rubani akivuta fimbo, nini kitatokea kule mkiani, na ni nani mwingine, mbali na fundi mwenyewe, aliyehakikisha? Naamini mfumo wa usukani ndio mahali pa kuanzia ndege yoyote ya kuundwa kwa mikono. Ndio pia mahali ambapo Nakawa, kwa shule na karakana ilizo nazo, ingeweza kufanya jambo la maana bila kusubiri mabilioni.

Historia iko upande wa hoja hii. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeteleza hewani mara zipatazo elfu mbili kwa mabawa ya kazi yake mwenyewe, aliongoza chombo chake kwa kurusha kiwiliwili huku na huku. Agosti 1896 upepo ulimzidi, akaanguka, akafa. Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli wa Dayton, Ohio, walisoma habari za kifo hicho wakakitafakari kwa miaka. Mwaka 1899 walirusha tiara lenye mabawa yanayosokotwa kwa kamba. 1900, 1901 na 1902 wakajaribu vyombo visivyo na injini pale Kitty Hawk hadi wakaweza kulalia upande, kuinua pua na kugeuka kwa hiari yao. Injini ilikuja mwisho, mwaka 1903, ikaundwa na fundi wao Charlie Taylor, na nguvu zake zilikuwa za farasi 12 tu. Mwaka huohuo Samuel Langley, msomi mwenye cheo na dola 50,000 za Wizara ya Vita ya Marekani, alikuwa na injini ya nguvu za farasi 52. Ndege yake ilitumbukia mto Potomac Oktoba, ikatumbukia tena Desemba. Wanahistoria bado wanabishana kama kosa lilikuwa la mtambo wa kuirushia au la udhaifu wa mabawa; kwamba injini haikukosa nguvu, hilo halibishaniwi.

Mfumo wenyewe, ukiutazama kwa karibu katika ndege ndogo ya watu wawili, si wa kutisha. Kati ya miguu ya rubani kuna fimbo, na mbele ya nyayo zake kuna pedeli mbili. Fimbo ikisukumwa kushoto, eleroni ya bawa la kushoto, yaani kile kipande chenye bawaba kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, hupanda, ya kulia hushuka, na ndege hulalia kushoto. Fimbo ikivutwa, elevata ya mkiani hupanda, mkia hushuka, pua huinuka. Pedeli ya kulia huupeleka usukani wa mkia kulia. Baina ya mkono wa rubani na vipande hivyo kuna njia ya mita kadhaa, nayo ndiyo kazi yenyewe: mabomba membamba ya alumini yenye beringi kwenye ncha, vyuma vya pembe vinavyogeuza mwendo wa mbele-nyuma uwe wa juu-chini, kebo zinazopita juu ya puli, na vizuizi vya chuma vinavyoamua kila kipande kiishie wapi. Kebo ya kawaida, ya inchi 1/8, inazidi kidogo milimita 3 kwa unene. Imesukwa kwa nyuzi 133, mafungu 7 ya nyuzi 19 kila moja, na ile ya chuma kisichoshika kutu hubeba karibu kilo 800 kabla ya kukatika. Anayeona kwamba hiyo ni nguvu ya kupitiliza ajue kuwa kanuni za Marekani za ndege ndogo ziliwataka wabunifu wapige hesabu ya fimbo inayovutwa kwa nguvu ya kilo 75 hivi na pedeli inayokanyagwa kwa kilo 90. Ni nguvu za mtu aliyeona miti mbele yake.

Kisha ziko bolti, na hapa ndipo karakana ya mtaani inapoachana na karakana ya ndege. Bolti ya ndege ya kipimo cha AN, ya chuma mchanganyiko, ina alama ya msalaba au nyota kichwani, na alama hiyo inamwambia fundi nguvu yake na tabia yake: itapinda kabla ya kukatika. Bolti ya dukani inaweza kuwa ngumu kuliko hiyo, na ugumu huo ndio hatari yake, maana chuma kigumu mno hupasuka ghafla bila kuonya. Pale ambapo kiungo kinazunguka juu ya bolti, nati yenye plastiki ndani haitoshi, kwa kuwa mzunguko unaweza kuifungua taratibu. Panatakiwa nati yenye mapengo, na pini ya kupinda inayopenya ndani ya bolti. Beringi ya ncha ya bomba huwekewa washa pana ubavuni, ili tufe lake la ndani likichomoka, bomba libaki limenaswa. Bomba nalo huwa na kitundu cha kuchungulia: meno ya beringi yasipoonekana pale, haikuingia ya kutosha. Hata kuikagua kebo kuna namna yake. Unaipitishia kitambaa urefu wake wote, na uzi mmoja uliokatika, ambao jicho lisingeuona, utakinasa kitambaa, hasa pale kebo inapopinda juu ya puli. Kila tahadhari katika hizi inajibu namna fulani ya kuvunjika ambayo mafundi waliotangulia wanaijua.

Atatokea msomaji wa Kampala aseme: haya yote mafundi wetu wanayaweza. Nami nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Mtu anayechonga gia mbovu ya trekta kule mtaa wa Katwe hadi ikaingia mahali pake ana mkono ambao viwanda vingi vya ndege vingeutamani. Kinachopungua ni ushahidi. Kebo ya breki ya mbele ya boda-boda ikikatika, iko breki ya nyuma, na ikibidi iko miguu ya dereva. Fundi atafunga nyingine jioni hiyo na hakuna atakayeuliza ile ya kwanza ilitoka wapi. Kebo ya elevata ikikatika mita mia tatu juu ya Ziwa Victoria, jibu la swali hilo lilipaswa kuwa limeandikwa tayari: imenunuliwa kwa nani, imefungwa lini, imekazwa kwa kiasi gani, kwa kipimo kipi. Daftari la ujenzi, ambalo wengi hulichukulia kuwa kazi ya karani, ni sehemu ya ndege kama lilivyo bawa. Sijui njia nyingine inayomwezesha mtu wa pili kuingia katika kazi ya mtu wa kwanza na kuikagua bila kuibomoa.

Na mtu huyo wa pili ndiye kiini cha hoja yangu. Mnamo 11 Novemba 2018 ndege aina ya Embraer 190 ya shirika la Air Astana iliruka kutoka Alverca, Ureno, baada ya matengenezo makubwa. Mara tu ilipoacha ardhi ilianza kulalia upande usiotakiwa, na kila marubani walipojaribu kuirekebisha ilizidi. Kebo za eleroni zilikuwa zimefungwa kinyume. Wakati wa matengenezo mitambo ilikuwa imetoa ujumbe wa hitilafu, mafundi wakahangaika nao kwa siku kadhaa bila kufika kwenye chanzo, na ukaguzi wa marubani kabla ya kuruka nao haukuliona kosa. Waliokoka kwa ustadi na kwa neema, wakatua Beja baada ya kuhangaika hewani, huku ndege za kivita za Ureno zikiwasindikiza. Miaka kumi na saba kabla ya hapo, Machi 2001, Airbus A320 ya Lufthansa ilikaribia kugusa ardhi kwa ncha ya bawa ilipokuwa ikiruka Frankfurt, kwa sababu nyaya za fimbo ya kapteni zilibadilishana nafasi katika matengenezo; rubani msaidizi, ambaye fimbo yake ilikuwa nzima, aliichukua ndege. Hawa walikuwa mafundi wenye leseni, wenye vitabu, katika nchi zenye wakaguzi. Kama wao waliweza kupishanisha kebo, fundi mmoja aliyechoka, akifanya kazi usiku nyuma ya nyumba kwa taa ya kuning'iniza, anaweza pia, na akili yake itamsaliti kwa namna ileile: ataona anachotarajia kuona.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Rubani anakaa kitini, anaishika fimbo huku kidole gumba kikitazama juu. Anaipeleka kushoto, gumba linalalia kushoto, na eleroni ya upande linakolalia gumba ndiyo inayopaswa kuwa imepanda. Anaipeleka kulia, anatazama tena. Anaivuta, anageuza shingo kutazama elevata; anakanyaga pedeli moja, kisha ya pili. Halafu anafanya hivyo mtu mwingine ambaye hakushiriki kufunga kebo, na wote wawili wanatia sahihi. Katika nchi nyingi ukaguzi wa mtu wa pili ni sharti kila mfumo wa usukani unapoguswa. Na ukaguzi haumhusu fundi peke yake: mnamo 30 Oktoba 1935, pale Wright Field, Ohio, ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka mara tu baada ya kuruka kwa sababu vizuizi vinavyoshikilia usukani ndege inapoegeshwa havikuwa vimefunguliwa. Aliyekuwa akiirusha alikuwa miongoni mwa marubani bora wa jeshi. Kutoka kwenye mabaki yale ndiko ilikotoka orodha ya ukaguzi ambayo leo kila rubani anaisoma kwa sauti.

Kuna jambo jingine ambalo ni vigumu zaidi kumshawishi mtu, kwa sababu halionekani ndege ikiwa imesimama. Eleroni au elevata inaweza kufungwa sawasawa kabisa, ikaenda upande unaotakiwa, na bado ikaiangamiza ndege kwa mtetemo. Kipande chenye bawaba kikiwa kizito nyuma ya bawaba yake, mwendo ukifika kiwango fulani hewa na chuma huanza kusukumana kwa mpigo mmoja, kila pigo likiongeza lililopita, na katika muda mfupi sana kipande kinaweza kung'oka. Ndiyo sababu wabunifu wengi huweka risasi au chuma mbele ya bawaba, na kitabu cha ujenzi hueleza usawa huo upimwe vipi. Sasa chukua kijana aliyemaliza kazi yake vizuri, akataka ipendeze, akapaka rangi tabaka moja la ziada na kuweka bendera ya taifa kwenye usukani wa mkia. Rangi ina uzito, na karibu yote imekaa nyuma ya bawaba. Asipopima upya baada ya kupaka, amebadilisha ndege bila kujua. Hili halitokani na uzembe wala ujinga; linatokana na kutokuwa na kitabu, au kutokuwa na mtu wa kumwambia arudi kwenye mizani.

Hapa ndipo ninapotetea ndege ya seti, ile inayouzwa kwa vipande na kuunganishwa na mnunuzi, dhidi ya wale wanaoiona kuwa aibu. Hoja yao ina uzito wa kizalendo: tukinunua vipande kutoka Oregon au Johannesburg na kuvifunga Nakawa, tumevumbua nini? Nasema tumevumbua fundi. Marekani yenyewe huiita ndege kuwa ya mjenzi pale tu mjenzi anapofanya zaidi ya nusu ya kazi, kwa ajili ya elimu au burudani yake, na ujenzi huo hula maelfu ya saa. Katika saa hizo mtu hujifunza kwa nini shimo lisafishwe kingo kabla ya riveti, kwa nini kebo isikwaruze ukuta, kwa nini puli ikae sambamba na kebo. Mwaka 2019 vijana ishirini wa Afrika Kusini, chini ya uangalizi wa wataalamu, waliunganisha Sling 4 ya watu wanne kwa majuma matatu hivi, na marubani wa kundi hilo wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, wakipita Zanzibar na Uganda njiani. Hawakubuni bawa. Lakini kila mmoja aliyefunga eleroni ya ndege ile anaijua eleroni kwa vidole vyake, na yule atakayebuni bawa la kwanza la Kiafrika la aina yake ana uwezekano mkubwa wa kutoka miongoni mwa watu wa namna hiyo. Kuanza na ubunifu mtupu, bila kitabu kilichojaribiwa na wengine, ni kumtaka mtu mmoja agundue peke yake makosa ambayo wengine waliyalipia kwa miaka mia na zaidi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, na lisipunguzwe. Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichapisha uchunguzi wake: ndege za kujengwa na watu binafsi zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege zisizo za mashirika wala za jeshi, lakini mwaka 2011 zilihusika katika asilimia 15 ya ajali na asilimia 21 ya ajali zenye vifo. Kama nchi yenye uzoefu huo wote inapata matokeo haya, kwa nini Kampala, mji uliojaa watu, ujiingize? Jibu liko ndani ya takwimu zenyewe. Sababu zilizotia fora ni injini kushindwa na rubani kupoteza udhibiti, na ndege hizi huonyesha hatari kubwa zaidi katika safari zao za mwanzo, ikiwa ni pamoja na zile zinazorushwa na mtu aliyenunua ndege kwa mjenzi. Ajali ya mwanamuziki John Denver, 12 Oktoba 1997, katika ghuba ya Monterey, ndiyo mfano ninaoufikiria kila suala hili linapozuka. Ndege yake, Long-EZ, ilikuwa imejengwa na mtu mwingine, ambaye aliihamisha swichi ya kubadilisha tangi la mafuta kutoka mahali mbunifu alipoichora na kuiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Wachunguzi waliona kwamba Denver alipojigeuza kuifikia, huenda mguu wake ulikanyaga pedeli ya kulia bila kukusudia, na ndege ikamponyoka.  Miongoni mwa yaliyochangia ni badiliko dogo la mpangilio ambalo hakuna jicho la pili lililolizuia. Takwimu hizi kwangu hazisemi vijana wakatazwe. Zinasema wapi pa kuweka mkaguzi.

Wapo watakaosema mkaguzi huyo ndiye atakayeua ndoto, kwamba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda itadai karatasi hadi kijana achoke. Woga huo una mantiki, kwa kuwa sheria za anga ziliandikwa kwa kufikiria mashirika yenye wanasheria, si ua wa mama Ntinda. Lakini ujuzi wa kuwasaidia vijana upo jirani kuliko tunavyozoea kusema. Chuo cha anga cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 kuihudumia Afrika Mashariki, kinafundisha marubani na mafundi wa ndege. Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, kuna uwanja wenye klabu ya urubani na ndege ndogo zinazohitaji fundi kila wiki. Entebbe yenyewe ni makao ya CASSOA, wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa usalama wa anga. Na Nakawa kuna chuo cha ufundi kilichoanzishwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuna Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda, na juu ya kilima kuna Chuo Kikuu cha Kyambogo na wahandisi wake. Ukiacha Soroti, umbali kati ya hawa wote ni safari ya teksi. Kinachokosekana ni kazi moja inayowakutanisha.

Kazi hiyo isiwe ndege nzima. Iwe benchi la mazoezi: kiti, fimbo, pedeli mbili, bawa moja lenye eleroni, mkia wenye elevata na usukani, vyote vikiunganishwa kwa kebo, puli na mabomba halisi, bila injini, juu ya fremu iliyofungwa sakafuni. Chombo kisichoruka hakihitaji cheti cha kuruka, kwa hiyo pingamizi la urasimu halikifikii. Mwanafunzi anakijenga kwa kitabu, anajaza daftari, fundi wa Soroti au Kajjansi anakuja kukikagua, kisha mwalimu anapishanisha kebo mbili usiku na kumwita mwanafunzi mwingine asubuhi akaketi kitini, agundue kabla ya kuambiwa. Kuhusu fedha, makampuni ya seti, Van's ya Marekani ikiwamo, huuza seti ya mkia peke yake, kwa sehemu ndogo ya bei ya ndege, kwa kuwa ndiyo wajenzi wengi huanza nayo. Ndani yake mna elevata, usukani wa mkia, bawaba zake na risasi ya kusawazisha. Mlango wa karakana ya Nakawa unatosha kuipitisha.